Mchawi wa Kikosi Anatafuta Mhuri

Lornah Mmbone anasema ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na nguo zake zilikuwa kwenye kamba. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua sukuma wiki aliposikia sauti ikitoka chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa mabati. Haikuwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake. Ilisema, ikanyamaza, kisha ikarudia yale yale.

"Nilisikia kwa haya masikio," anasema Lornah, akiyashika yote mawili. "'Naifunga sauti kwa uzi mwekundu. Koo likauke kama nguo juani. Aliyezoea kupaza, asipaze tena.' Mara ya kwanza nikadhani ni redio. Mara ya pili nikaangalia nguo zangu kwa kamba. Mara ya nne nikaziondoa, mbichi hivyo hivyo."

Kesho yake alikuwa amepangiwa kuimba peke yake kanisani. Lornah ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, na katika ploti yao ya vyumba vya kupanga, Kangemi, watu humjua kwa kuimba akifua. Aliposimama mbele ya waumini, anasema, kinywa kilifunguka na hakuna kilichotoka. "Upepo tu. Kama tairi." Mwalimu wa kwaya alimpa ishara akae. Alikaa bila sauti siku kumi na moja.

"Sasa kama huo si uchawi, ni nini? Mafua?" anauliza. "Mafua inajua Jumapili?"

Mwanamke wa chumba cha pili anaitwa Hannah Waithera. Ana miaka ishirini na minane. Anaishi na bintiye Cate, aliye darasa la nne, na ameishi hapo miaka tisa. Hakatai kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake.

"Niliyasema," anasema. "Niliyasema kama mara sita. Yalikuwa yanakataa kuingia."

Mahali yalikokataa kuingia ni ndani ya puto. Hivyo ndivyo yeye na wenzake kazini huita lile duara linalochorwa juu ya kichwa cha mtu kwenye vitabu vya katuni, ambamo maneno yake huandikwa.

Jumanne saa mbili asubuhi, Waithera yuko kazini, orofa ya pili ya jengo moja nyuma ya Biashara Street, katikati ya jiji. Chini kuna duka la vitambaa. Juu kuna mashine mbili za kuchapa kadi za harusi na kalenda, na mwishoni mwa ukumbi, karibu na dirisha, meza tatu. Meza yake ni ile yenye mguu uliofungwa kwa waya.

Mbele yake kuna karatasi pana yenye picha sita. Anapiga mistari kwa rula na penseli, myepesi kiasi kwamba ukiinamisha kichwa huioni. Anavuta pumzi, anasoma sentensi kwa sauti ya chini, kisha anaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, moja baada ya nyingine, bila kuinua macho.

"Pumzi ndiyo rula yangu," anasema. "Kama pumzi imeisha kabla ya mstari kuisha, puto limejaa. Nikisoma kimya kimya nakosea. Lazima nisikie."

Kijitabu wanachotengeneza kinaitwa *Kikosi cha Alfajiri*. Hutoka kila mwezi, kurasa thelathini na mbili, na huuzwa na wauza magazeti na katika baadhi ya shule. Kina mashujaa watano. Radi anaruka angani. Nondo anainua lori. Wako mapacha wawili wenye mbio. Wa tano ni mwanamke mwenye shuka jeusi na kigoda, anayeitwa Sikudhani.

Sikudhani hapigi mtu. Wanne wale hupigana kurasa ishirini, wanaangusha majengo, wanaangushiwa majengo. Wakishashindwa kabisa ndipo wanamkumbuka. Wanamkuta amekaa kwenye kigoda chake. Anasema sentensi tatu au nne, na mambo yanakwisha.

Lakini kila akisema, kuna kitu kinamtoka. Katika toleo moja alifunga mafuriko, na tangu siku hiyo hasikii ladha ya chumvi. Katika lingine aliwaficha watoto wa shule nzima, akasahau wimbo aliokuwa akiimbiwa na mamake. Goti lake la kushoto lilikwenda na moto wa soko. Wenzake husherehekea kwenye ukurasa wa mwisho. Yeye huchorwa kwa nyuma, mdogo, ameketi.

"Hata siku moja hajawahi kuwa kwenye jalada," anasema Zedekiah, mchoraji, kutoka meza ya pili. "Jalada ni la Radi. Radi ana misuli. Watoto hawanunui kigoda."

"Na bila kigoda?" Waithera anamuuliza, bado anaandika.

"Bila kigoda wote wangekuwa wamekufa toleo la kwanza, Mama Cate. Hiyo tunajua. Lakini si ya kuweka mbele."

Waithera hakusomea kazi hii. Alimaliza darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, akaenda kumsaidia mjomba wake aliyekuwa akiandika mabango Kenyatta Market. Miaka sita aliandika majina ya saluni na bei za kusuka. Mzee Dilip, mwenye kiwanda cha kuchapa, alipita hapo na mkewe mwaka 1999, akaliona bango lililoandikwa KUSUKA NA KUFUMUA, akauliza ni mashine gani iliyoandika herufi zilizonyooka vile. Akaonyeshwa msichana aliyekuwa juu ya ngazi.

Mwanawe Dilip, Neel, alikuwa na miaka kumi na tisa na hadithi nyingi kichwani. Aliziandika kwa Kiingereza. Kazi ya Waithera ilikuwa kuzigeuza kuwa Kiswahili na kuzitia kwenye maputo. Analipwa kwa ukurasa, shilingi themanini.

Katika hadithi ya kwanza kabisa, Neel alikuwa ameandika kwamba Sikudhani ni mwanamke wa nguvu za ajabu, kwa neno moja la Kiingereza ambalo Waithera hakuwahi kuliona. Alilitafuta kwenye kamusi ya ofisini. Kamusi ilimpa maneno mawili. La kwanza lilikuwa "mwanamazingaombwe."

"Herufi kumi na saba," anasema, na kuzionyesha kwa vidole. "Kisanduku kilikuwa hivi. Hata ningeandika kama mchwa, haliingii. La pili lilikuwa herufi sita."

La pili lilikuwa "mchawi."

Akaandika: SIKUDHANI, MCHAWI WA KIKOSI. Neel hakuona tatizo, kwa sababu Kiswahili chake ni cha kununulia mboga na kuelekeza mafundi. Mzee Dilip hakusoma. Zedekiah alisoma, akacheka, akadhani ni mzaha uliokubaliwa. Nakala elfu tatu zikatoka. Watoto wakampenda mwanamke wa kigoda, na jina likabaki.

"Mwezi wa pili nilimwambia Neel," anasema Waithera. "Nikamwambia, hilo neno si zuri. Kwetu mchawi si mtu mwenye nguvu. Mchawi ni mtu anayekuua ukiwa umelala. Akaniuliza, basi tuite nani? Nikafikiria mganga. Lakini ukishuka hapo chini kila nguzo ya stima ina karatasi ya mganga, anarudisha mpenzi, anaongeza biashara. Watoto wangecheka. Nikanyamaza. Na ukishanyamaza mwezi wa pili, mwezi wa tatu utasema nini?"

Mwalimu mkuu mmoja alirudisha vitabu vyote na barua. Msomaji wa Voi aliandika kwamba mchawi hawezi kuwa shujaa, kwa sababu mchawi ndiye ambaye shujaa anapaswa kumpiga. Neel alizibandika barua hizo ukutani. Alizipenda. Alisema zinaonyesha watu wanasoma.

Miaka saba ikapita hivyo, mpaka ile Jumamosi ya mwezi uliopita, stima ilipopotea jijini tangu asubuhi na Waithera akabeba kurasa nne nyumbani azimalizie kwenye mwanga wa mlango. Hadithi ilikuwa ya adui mpya, Bwana Kelele, anayebomoa nyumba kwa sauti yake. Nondo alikuwa amezibwa masikio. Radi alikuwa ameanguka. Ilikuwa zamu ya Sikudhani kumnyamazisha.

"Puto lilikuwa dogo, kwa sababu Zedekiah alichora mdomo wa Bwana Kelele mkubwa kupita kiasi," anasema Waithera. "Nikawa nasema, napunguza, nasema tena. Sikumkumbuka Lornah. Ukifanya kazi unamkumbuka nani?"

Lornah alipopata sauti yake tena, cha kwanza alichofanya nayo ni kwenda kwa mwenye ploti.

Gichuru ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye vyumba kumi na viwili na ng'ombe wawili nyuma yavyo. Hapendi kelele za wapangaji. Aliita mkutano Jumapili jioni, hapo kwenye mfereji, bomba la maji la ploti, akakaa juu ya mtungi uliogeuzwa.

Waithera alikuja na vitabu. Alifikiri vitammalizia mashaka. Alimfungulia Gichuru ukurasa wenyewe, akamwonyesha Bwana Kelele, akamwonyesha uzi mwekundu.

Gichuru alivaa miwani, akasoma pole pole, midomo ikitembea. Kisha akafungua jalada la ndani.

"Hapa imeandikwa mchawi," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Lakini ni wa hadithi."

"Mama Cate, umeniletea ushahidi wa Lornah. Wako uko wapi?"

Watu walicheka. Waithera pia alicheka kidogo, anasema, kwa sababu ilichekesha.

"Haya, na jina lako liko wapi?" Lornah aliuliza, akikichukua kitabu. "Kama ni kazi yako, si ungeandikwa? Huyu ameandikwa Neel. Huyu Zedekiah. Hata mashine imeandikwa imetoka wapi. Wewe?"

Jina lake halikuwepo. Kwa miaka saba ameandika kila neno ndani ya kitabu, pamoja na majina ya wenzake kwenye ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyewahi kumwambia aongeze lake.

Mpangaji mmoja akamwambia Gichuru amhurumie mtoto. Mwingine akasema tangu mwaka juzi kuku wake hawatagi. Gichuru akainua mkono.

"Mimi si kanisa wala si korti," alisema. "Niletee barua kutoka kwa hao watu. Iwe na mhuri. Iseme wewe ni mfanyakazi wao na hayo maneno ni kazi. Jumamosi saa nne nitakuwa hapa. Kama hakuna barua, tutaelewana juu ya chumba. Nina mtu anakitaka."

"Na wakiandika tu kwamba nawasaidia?"

"Kusaidia?" Gichuru alitikisa kichwa. "Hata mchawi husaidia aliyemtuma. Iandikwe mfanyakazi."

Tangu siku hiyo Waithera hufika kwenye mfereji kabla ya wengine kuamka, au baada ya wote kumaliza. Watoto wa ploti, ambao ndio wasomaji wake, hukaa kando akipita, kisha wakipata umbali wa kutosha huita, "Sikudhani! Sikudhani, nifungie hesabu!" Cate aliambiwa na wenzake shuleni alete uzi mwekundu. Alirudi akamuuliza mamake kama wanao.

"Nikamwambia hatuna," anasema Waithera. "Nikamwambia tuna mweusi na mweupe. Akalala."

Jumatano asubuhi alimweleza Neel kila kitu, amesimama, kalamu mkononi. Neel, ambaye sasa ana miaka ishirini na sita, alisikitika kweli. Alikuwa anaelekea Kisumu kuuza vitabu shuleni, begi tayari liko begani, lakini alikaa akaandika barua hapo hapo, kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka mwenye ploti asome mwenyewe.

"Nimeandika vizuri kabisa," alimwambia. "Hii akisoma, yeye atanyamaza. Mhuri iko kwa daddy." Akashuka ngazi akikimbia.

Waithera aliisoma barua akiwa kwenye ngazi. Ilikuwa na mistari mitatu:

"Kwa Bwana Gichuru. Nathibitisha kwamba Bi. Hannah Waithera anafanya kazi ya mchawi hapa kwetu tangu 1999. Yeye ni mzuri sana, na bila yeye hatuwezi kushinda adui."

Alicheka mpaka mwanamke wa duka la vitambaa akatoka kuangalia. Kisha Waithera akakaa kwenye ngazi. Zedekiah alimkuta hapo nusu saa baadaye.

"Peleka tu," Zedekiah alimwambia. "Utaishi bure. Nani atakudai kodi?"

"Zeddy, niache."

"Basi niandike mimi."

"Una mhuri?"

Zedekiah hakuwa na mhuri. Mhuri hukaa kwenye droo ya Mzee Dilip, na droo ina ufunguo, na ufunguo uko kwenye mnyororo wa saa yake.

Waithera alirudi kwenye meza yake, akapiga mistari kwa penseli, akaandika barua mwenyewe. Ilimchukua muda kuliko ukurasa wa Sikudhani, anasema, kwa sababu hakuna adui wa kuangalia. Aliandika kwamba Hannah Waithera ni mfanyakazi wa kiwanda hiki tangu mwaka 1999. Kwamba kazi yake ni kuandika maneno ya vitabu vya katuni. Na kwamba maneno yaliyosikika ploti ni ya kitabu, na hayana nia mbaya kwa mtu yeyote. Akafuta penseli. Akaacha nafasi ya mhuri chini, duara, kwa sababu anajua kipimo chake.

Alhamisi aliiweka mbele ya Mzee Dilip.

Dilip ana miaka sabini na moja. Aliisoma mara mbili. Aliisifu mistari. Kisha akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hii. Mfanyakazi."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe nalipa kwa ukurasa. Ukileta ukurasa, nalipa. Usipoleta, silipi. Mfanyakazi ni kitu ingine. Mfanyakazi ana likizo, ana mambo ya serikali. Wakili aliniambia, usiweke mhuri kwa hiyo neno, hata kama ni ndugu yako." Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka kuliko Waithera. "Weka, anatusaidia. Nagonga sasa hivi."

"Mzee, hiyo hawataki. Huko kwetu hiyo ni mbaya zaidi."

"Kusaidia ni mbaya?"

Alijaribu kumweleza. Alimweleza habari za Lornah, kwaya, tairi, kuku wasiotaga. Dilip alisikiliza, akacheka mahali palipochekesha, akafikia mwisho akiwa ameshika paji la uso. Akasema, "Niache nifikirie." Akaitia barua kwenye bahasha, akamrudishia.

Ijumaa Mzee Dilip hakuja kazini.

Ijumaa hiyo hiyo jioni, Waithera na Lornah walikutana kwenye mfereji. Haikuwa imepangwa. Maji yalikuwa yamekatika mchana kutwa, na yaliporudi kila mtu alitoka na ndoo. Walipomaliza wengine walibaki wao wawili, na mfereji ulikuwa unatiririka kiduchu.

"Anza wewe," Waithera alisema.

"Sitaki uguse ndoo yangu."

"Sijaigusa, Lornah."

Ndoo ya lita ishirini huchukua muda mrefu maji yakiwa hivyo. Ilipofika nusu, Lornah alizungumza.

"Kile kitabu nilibaki nacho," alisema. "Kijana wangu alinisomea. Huyo mama wa kigoda. Kwani hana mume?"

"Hana."

"Na wale wengine wanakula sherehe, yeye anakaa tu? Na goti limeisha?"

"Ndiyo."

"Ungemwandikia hata chai," Lornah alisema. Alifunga mfereji, akainua ndoo yake, akageuka. "Lakini sauti yangu ilipotea, Mama Cate. Hiyo hukuiona wewe. Niliiona mimi, mbele ya watu mia mbili. Mwalimu ameshampa mtu mwingine ile nafasi."

Waithera alisogeza ndoo yake chini ya mfereji. Anasema angekuwa yeye, labda naye angeenda kwa Gichuru.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Waithera anavuka Waiyaki Way na kuingia Loresho. Kutoka Kangemi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, lakini ukishavuka barabara hata ndege wanalia tofauti. Nyua za miti zimekatwa kwa mkasi. Amevaa sweta ya bluu na viatu vya kwenda kanisani. Bahasha iko ndani ya kitabu kigumu cha Cate cha hesabu, isikunjike.

Nyumba ya Mzee Dilip ina geti jeusi lenye kidirisha. Askari anakifungua, anamwangalia.

"Mzee anajua unakuja?"

"Hajui. Mwambie ni Waithera wa maneno."

"Wa maneno gani?"

"Mwambie hivyo tu. Na umpe hii." Anatoa bahasha. Askari anaipokea kwa ncha za vidole na kufunga kidirisha.

Kuna jiwe la kukalia nje ya geti. Anakaa. Mgongo unamuuma, jana alimaliza kurasa saba, toleo la Desemba, ambamo Sikudhani anafunga mlango wa mlima na kupoteza jina la kijiji chake. Anasema aliandika puto hilo mara tatu, na mara zote tatu lilikaa vizuri, ila hakulipenda.

Akizungumza mbele ya geti, anasema anachotaka si kikubwa. Akipata mhuri leo, atabaki kwenye chumba chake, Cate amalize shule hapo hapo. Januari atamwomba Neel waondoe lile neno kwenye jalada la ndani. Amefikiria majina mengi miaka hii yote, ya herufi sita, ya herufi nane, na ameona hakuna haja ya kuweka lingine.

"Aitwe Sikudhani," anasema. "Basi. Kwani Radi ameandikwa Radi nani?"

Na ukurasa wa mwisho, wenye majina?

"Hiyo nafasi ipo. Mimi ndiye napiga mistari, najua. Mstari mmoja unaingia chini ya Zedekiah. Lakini leo mhuri kwanza."

Saa tatu inapita. Gari linatoka geti la jirani, mwenye gari anamtazama, anafunga kioo. Waithera anahesabu njia: nusu saa kurudi, hivyo saa tatu na nusu ikimkuta hapa, itabidi akimbie, na ikimkuta baada ya hapo, Gichuru atakuwa ameshakaa juu ya mtungi wake.

Saa tatu na dakika ishirini, kidirisha kinafunguka. Askari hana bahasha.

"Mzee amesoma," anasema. "Ameiweka mezani na mhuri uko hapo kando. Ameniuliza nikuulize. Hilo neno ni lazima?"

Waithera anasimama. Anashika nondo za kidirisha, kisha anaziachia, anapangusa viganja kwenye sweta.

"Mwambie ni lazima," anasema. "Mwambie sijaomba pesa wala likizo wala kitu cha serikali. Mwambie ni mimi namwomba, Waithera, anigongee tu hivyo ilivyo."

Askari anarudia maneno hayo kwa sauti ya chini ili asiyasahau. Anakosea kidogo. Waithera anamrekebisha, naye anarudia tena, safari hii yote. Kisha anafunga kidirisha, na viatu vyake vinasikika vikienda juu ya kokoto, mpaka havisikiki.

Saa tatu na dakika thelathini na tano, Waithera bado amesimama mbele ya geti.